Mapacha wa Dada Tusekile

Dada yangu Tusekile alijifungua mapacha asubuhi, halafu damu ikagoma kukatika. Ilikuwa mimba yake ya tisa. Tangu masika yaanze miguu ilimvimba na midomo ilimpauka, na mganga wa misheni alishamwambia akajifungulie hospitali. Dada akasema, nani atavuna mpunga?

Nikakimbia kijiji chetu cha Busale kizima kutafuta watu wa kubeba machela. Kwetu mapacha wanaogopwa. Ukimgusa mzazi wao kabla hajapewa dawa, eti utavimba mwili. Hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na askari wake wasingewatoa watu ndani. Mzee wa kanisa, Sadoki, naye akafunga mlango.

"Mzee, Jumapili si unatuambia tusiogope?"

"Jumapili ni Jumapili, mwanangu. Mleteni mwenye dawa kwanza."

"Yuko mbali, Ndandalo! Dada atakuwa ameshakufa!"

Nikasikia komeo likisukumwa ndani.

Basi tukambeba sisi wawili tu, mimi na mume wake Asegelile, mapacha tumewalaza kifuani pake. Njiani watu walitukimbia. Mwenye mtumbwi pale mtoni alipotuona akauacha, akaingia kwenye matete. Tukauchukua.

"Ona, leo tunavuka bure," nikamwambia dada ili acheke.

"Umenigusa," akasema. "Na wewe hawatakusalimia."

"Wasinisalimie. Usilale tu, dada."

Nikamsugua mikono, ikazidi kuwa baridi. Ng'ambo bati la hospitali lilishaonekana. Nikamwita. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuniona tena. Shemeji hakugeuka, akaendelea kupiga kasia kwa nguvu.