Mkwe Haangaliwi Usoni

Kwetu Nachingwea mkwe haangaliwi usoni, na anayesema huo ni ushamba aje kwanza aoe kwetu, ndipo tuzungumze. Mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, anainamisha macho. Mama naye anatoka njiani, anageukia mashamba mpaka mkwe apite. Jina lake halitajwi. Sahani moja hawali. Mtu anaweza kuishi ukweni miaka kumi, akalima shamba la mama huyo, akamwezekea nyumba, akamjua kwa kikohozi chake na kwa kanga zake, na uso wake asiujue. Hiyo ni heshima na mimi siichezei. Ninachosema ni kwamba waliotunga heshima hiyo walikuwa na njia moja tu ya kwenda kisimani.

Lukasi alikuwa Mmwera wa Chinongwe, upande wa Ruangwa. Alimwoa Beatrisi, binti wa Marselina, na kwa desturi akahamia ukweni, Mkotokuyana. Marselina mwenyewe ni Mmakonde wa ng'ambo, aliyevuka Ruvuma akiwa msichana wakati wa vita ya Mreno, akabaki kwetu. Kaka yake, Saturnini, alibaki msituni na bunduki, na uhuru ulipopatikana akapewa nyumba Maputo.

Mwaka 2003 Beatrisi alianza kuvimba tumbo. Hospitali za kwetu zilimzungusha, leo njoo, kesho njoo, mpaka akabaki mifupa na macho. Saturnini aliposikia akaja mwenyewe kumchukua mpwa wake, akampeleka Maputo kwa madaktari wakubwa. Tukasema afadhali, atapona. Korosho zilipoanza kuanguka, Saturnini akapiga simu dukani kwa Filbert, pale ambapo kata nzima ilikuwa inapigiwa simu. Hakusema mengi. Alisema Beatrisi hatarudi, na kwamba mchana na usiku anamwita mama yake. "Mleteni," alisema. "Nisipokuwepo stendi, njooni moja kwa moja hospitali kubwa. Siwezi kumwacha peke yake."

Marselina hakuwa na mtoto mwingine. Wa kumsindikiza alikuwa Lukasi tu. Hapo wazee wakakaa kikao, kana kwamba mgonjwa alikuwa na muda wa kusubiri vikao, wakijadili kama mkwe na mama mkwe wanaweza kusafiri pamoja hadi nchi ya watu. Wakakubali kwa sharti kwamba wasikae kiti kimoja. Hakuna aliyeuliza watavukaje barabara.

Sharti walilishika kuliko mtu mwingine yeyote niliyewahi kumsikia. Kutoka Nachingwea hadi Mtwara, kwenye mtumbwi wa Ruvuma, kwenye malori na mabasi ya upande wa pili, Lukasi alikaa mbele na Marselina nyuma. Wakitaka kuzungumza, walizungumza na vitu. Lukasi aliliambia begi lake kwamba hapa basi litasimama sana, mwenye kutaka kula ale. Marselina aliuambia mfuko wake kwamba yeye amekwisha kula muhogo. Wakitembea, Lukasi alitangulia na mama akafuata kwa mbali, na kila baada ya hatua kadhaa Lukasi aligeuza shingo kidogo, macho chini, akitafuta kanga nyekundu yenye mikorosho. Akiiona, anaendelea. Uso haukumhusu.

Basi lao liliharibika njiani, wakalala porini, wakaingia Maputo siku iliyofuata asubuhi. Saturnini hakuwepo stendi. Jana yake alikuwa amewasubiri hadi jua linazama, kisha akarudi kwa mgonjwa. Marselina akauambia mfuko wake kwamba mtu hawezi kwenda kumwona mwanawe na vumbi la nchi mbili mwilini, akaingia kwenye bafu la stendi. Lukasi akasubiri nje, amegeuza mgongo, kama inavyotakiwa. Akasikia kikohozi nyuma yake. Ndiyo ilikuwa ishara. Akaanza kutembea.

Neno hospitali kwa Kireno halijakaa mbali na letu, na watu walimwelekeza kwa mikono. Lukasi alitembea haraka. Hakuwahi kuona barabara pana kiasi kile, wala maghorofa yaliyosimama yakitazamana, lakini hakuwa na hamu ya kuyashangaa. Alichowaza ni kitanda kimoja tu ndani ya mji ule wote, hata akasahau kugeuza shingo. Akavuka barabara na watu waliokuwa wanavuka, akapinda walipomwambia apinde, na jua halijawa kali akauona ukuta mrefu, lango, na akinamama waliobeba vyakula vya wagonjwa. Alikuwa amefika. Nasema alikuwa amefika, alisimama mbele ya lango hasa.

Akageuza shingo kuitafuta kanga nyekundu. Haikuwepo.

Akasubiri kidogo. Watu walipita, wanawake wengi, wenye mabeseni, wenye watoto mgongoni, wenye nguo za rangi zote. Nyekundu ya mikorosho hapana. Akarudi hadi kwenye kona ya mwisho, akachungulia, akarudi langoni, akaenda tena kona ya pili. Hapo akaelewa kwamba amempoteza mama wa watu ndani ya jiji ambalo hakuna anayejua hata kumuuliza anaitwa nani.

Angeweza kuingia ndani peke yake. Wengine wetu walimuuliza baadaye kwa nini hakuingia, na mimi nawauliza wao: aingie aseme nini? Mgonjwa anaita mama, mama, halafu mume aje na mikono mitupu amwambie mama yako nimemwangusha njiani? Lukasi alilitazama lango mara ya mwisho, akaligeuzia mgongo, akaanza kurudi alikotoka.

Alirudi karibu na stendi, akapanda tena kwa miguu kuelekea hospitali. Alishika barabara za pembeni, akaingia sokoni, akachungulia kwenye mstari wa wauza samaki, akawafuata wanawake wawili watatu waliokuwa na nguo nyekundu mpaka wakageuka na kumfokea. Alijaribu kuwauliza watu kwa Kiswahili, kwa Kimwera, kwa kile Kimakonde chake cha kuungaunga. Walimsikiliza kwa upole, wakamwelekeza hospitali. Kila mtu alimwelekeza hospitali. Alifika hadi kwenye barabara iliyoandikwa jina la Nyerere, akasimama chini ya kile kibao na kukitazama muda mrefu, kana kwamba Mwalimu angemwambia mama amepita wapi. Kisha akaona aibu, akaondoka.

Mara mbili alijikuta tena mbele ya lango la hospitali, na mara mbili akageuka. Jua lilikuwa limepita utosini. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu vya kuazima. Mara ya tatu alipofika hakuweza kuendelea. Akaketi kwenye ngazi ya duka la samani, ng'ambo ya lango, akafunika uso kwa mikono miwili na kulia kwa sauti. "Beatrisi, nisamehe," alikuwa akisema. "Nimempoteza mama. Nimempoteza."

Mlinzi wa duka hilo alikuwa mzee aliyekalia kiti cha plastiki tangu asubuhi, rungu mapajani. Aliitwa Apolinari. Alipokisikia Kiswahili kinatoka mdomoni mwa mtu yule, akashtuka, maana yeye alikuwa mmoja wa wale waliofundishwa kushika bunduki kwetu Nachingwea, kambini, enzi za vita.

"Umempoteza nani, kijana?" aliuliza.

Lukasi akainua kichwa. Baada ya siku zote zile, mtu amemsemesha kwa lugha anayoielewa. Akamweleza yote kwa mpigo, mgonjwa, simu, basi, stendi, kanga nyekundu. Apolinari akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mama uso wake ukoje.

"Sijui."

"Mrefu? Mweupe? Ana nembo za chale usoni?"

"Labda anazo. Akinamama wa rika lake wengi wanazo. Sijui zake zikoje."

"Humjui mama yako?"

"Ni mkwe wangu," alisema Lukasi.

Apolinari alielewa mara moja. Yeye pia ni Mmakonde, na alikuwa na mkwe wake, marehemu, ambaye hata yeye hakuwahi kuuona uso wake vizuri. Akasema ipo njia moja tu, amwite kwa jina, kwa sauti, asimame katikati ya barabara na kumwita. Lukasi akatikisa kichwa. Jina lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake tangu aoe. Apolinari akamwonyesha lango kwa rungu. "Mkeo yuko mle," alisema. "Chagua."

Lukasi akasimama. Akaita mara ya kwanza, kama anayenong'ona. Akaita tena. "Marselina! Marselina!" Watu wakageuka. Aliita akielekea juu, akaita akielekea chini, huku machozi yanamtoka kwa aibu, na hakuna aliyeitika.

Ila Apolinari alikuwa hamtazami Lukasi. Alikuwa anatazama nyuma yake.

"Rudi hapa ukae," alisema taratibu. "Usigeuke. Tangu asubuhi, kila ukipita hapa, nyuma yako anapita mama mmoja wa kanga ya bluu, mpya kabisa. Ukigeuka, anageukia ukuta. Nilidhani mmegombana. Ulipoanza kuita hilo jina amejifunika kichwa chote, na sasa yuko nyuma ya ule mti."

Mzee akainuka, akaenda hadi kwenye mti, akamsalimia mama kwa Kimakonde. Walizungumza kwa muda mfupi tu, lakini Lukasi, aliyekaa amegeuza mgongo, alisikia, na Kimakonde chake kilimtosha kuelewa. Marselina alikuwa hajapotea hata mara moja. Bafuni kule stendi alikuwa amevua kanga ya safari, akavaa mpya aliyoibeba kutoka Nachingwea ili mwanawe amwone akiwa nadhifu. Tangu pale alimfuata mkwe wake hatua kwa hatua, langoni, sokoni, chini ya kibao, langoni tena. Mkwe alipogeuka, yeye alijificha, angefanyaje? Alidhani anatafuta njia. Alipoona amechoka, alimshika mkono muuza ndizi mmoja na kumwomba aende akamwambie yule kijana wapumzike, lakini mwanamke yule hakuelewa neno. Na mkwe alipoanza kulitangaza jina lake barabarani, akajua uchungu umemharibu akili, akaogopa zaidi kumsogelea.

"Na hospitali?" Marselina alimuuliza mzee. "Bado iko mbali?"

Apolinari akalitazama lango lililokuwa mbele yao. Aliwavusha barabara mwenyewe, Lukasi mbele, yeye katikati, mama nyuma, akawaombea njia langoni kwa Kireno, akapanda nao ngazi hadi wodini.

Saturnini alikuwa kwenye benchi ukumbini, kofia yake ya kijeshi magotini. Alipowaona hakusimama. Walijua kabla hajafungua mdomo. Alisema Beatrisi ameondoka muda si mrefu, baada ya chakula cha mchana, na godoro wamekwisha kulitoa. Asubuhi alikuwa na nafuu. Aliomba wamsogeze dirishani alitazame lango.

"Akaniambia wamefika," alisema Saturnini. "Akasema, Lukasi yuko pale langoni, na mama yuko nyuma yake, amevaa kanga mpya. Nikachungulia, sikuona mtu. Nikajua ni homa. Kila mara alikuwa anasema, sasa hivi wanapanda ngazi. Alikuwa anafurahi. Hakuita tena mama."

Lukasi alishuka sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Hakulia, kilio kilikuwa kimekwisha kule kwenye ngazi za duka. Alisikia nyuma yake kanga ikiburuzwa, nyayo zikikaribia, na kwa mazoea ya miaka yote akainamisha kichwa na kugeukia ukuta ili mama apite.

Marselina hakupita. Alichuchumaa mbele yake, akaishusha kanga kutoka kichwani, akamshika kidevu kwa vidole vyenye sugu za jembe na kumgeuza.

"Nitazame, baba," alisema kwa Kiswahili chake kidogo. "Nitazame sana. Kurudi ni mbali, usinipoteze."

Lukasi akainua macho. Nembo zilikuwepo, zimefifia, mistari mitatu kila shavu. Lakini paji lile alilijua, na macho, na mdomo wa juu uliojikunja kidogo upande mmoja kila anapotaka kulia. Alikuwa ni Beatrisi, Beatrisi mtupu, aliyezeeka.