Kontena la Sita

Luhaga simpendi, na sijawahi kuficha. Ndiye meneja wa kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Ilemela, na asubuhi ile aliniita ofisini kwake kama mtu anayeita mbwa. Nikamkuta Precious, msimamizi wa vyumba vya baridi, amesimama mlangoni na vitu vyake kwenye kiroba. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, inasubiri saini ya Mama Dorcas, afisa utumishi, aliyekuwa ameketi pembeni.

Chumba cha tatu kilipoteza baridi Jumamosi, minofu yote ikaoza. Precious alisema kengele ililia, ikanyamazishwa kabla hajafika, akadhani fundi ameshaanza kazi. Luhaga akasema huo ni uongo.

"Ingelia, mfumo ungeandika," alisema. "Teodora, hebu muonyeshe Mama."

Nikaunganisha kompyuta yangu na skrini ya ukutani. Huyo Precious mwenyewe hanipendi. Kila akipita kwangu lazima aseme sisi watu wa kompyuta tunalipwa kwa kukaa. Lakini kazi ni kazi. Mfumo wetu unaendeshwa na seva sita zilizounganishwa, na ndani ya kila moja lazima kuwe na kontena, yaani programu ndogo ya kukusanya kumbukumbu za yote yanayotokea humo. Kabla hujasema jambo halikuandikwa, unahakikisha kwanza kwamba mwandishi alikuwepo.

Nikayakagua. Makontena yanayofanya kazi yalikuwa matano.

"La sita halipo," nikasema. "Halijawashwa kwenye seva mpya, na hiyo ndiyo inayoendesha vyumba vya baridi. Mliiweka harakaharaka, mkanikataza hata kuigusa. Kwa hiyo msiseme kengele haikulia. Semeni hatujui."

Luhaga alinikazia macho. "Nani kakuomba ushauri?"

"Umeomba kumbukumbu. Hazipo."

"Basi liwashe sasa hivi. Nataka yaonekane yote sita, Mama asaini, tuendelee na kazi."

Mtu anataka kupamba skrini ili amharibie mwenzake maisha, tena bila aibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, ndipo nikakumbuka jambo asilolijua: nilivyolipanga mimi, kontena hilo likiwashwa halianzii dakika ile. Linasoma kwanza mafaili yote ambayo seva yenyewe imekuwa ikiyaandika bila mtu kuyakusanya, tangu la kwanza. Nikanyamaza. Kwani nimeajiriwa kumfundisha?

"Unaniagiza?"

"Nakuagiza."

"Mama Dorcas, umesikia."

"Nimesikia, mwanangu. Fanya tumalize."

Nikaliwasha. Yakaonekana sita. Luhaga akaguna kwa kuridhika, akamsogezea Mama kalamu. Mama akaishika, lakini macho yake yalikuwa ukutani, maana mistari ilikuwa imeanza kumiminika.

Jumamosi. Chumba cha tatu, joto limepanda. Kengele imelia. Kengele imezimwa kwa simu na Luhaga. Kengele imelia. Imezimwa na Luhaga. Kengele imelia. Imezimwa hadi asubuhi na Luhaga.

"Jumamosi si ulikuwa kwenye sherehe ya sendoff ya mdogo wako kule Kiseke?" Mama Dorcas aliuliza taratibu.

Luhaga alinigeukia mimi, jasho limemtoka puani. "Zima hiyo takataka."

"Zima mwenyewe," nikamwambia. "Kuzima si unakujua."

Nilisikia raha, siwezi kudanganya. Precious hakucheka wala hakunishukuru. Alikuja mpaka mezani, akaichukua ile barua, akaisoma yote huku sisi tukimtazama. Kisha akairudisha mbele ya Mama Dorcas.

"Mzembe, mwongo, ameitia kampuni hasara," alisema. "Maneno yote yako sawa, Mama. Badilisha jina tu."