Mita ya Gari la Bakhit

Dashibodi ilikuwa imelazwa juu ya mapipa mawili ya oili, matundu yake matano yamekodoa kuelekea paa la makuti ya mtende. Manne yalikwisha pata saa zake za vipimo. La katikati, kubwa kuliko yote, lilikuwa tupu, na kupitia humo Muhsina aliuona mchanga wa Wadi Kabir, Maskati.

"Unamwona shemeji yako, Bi Muhsina?" alisema fundi Suud, akimwelekezea Sleyum bisibisi. "Gari kaliokota jalalani. Kalikata paa, kaling'oa mabawa ya matairi, kalitia injini ya lori. Sasa uso ndio unaomshinda."

"Uso bila pua," Sleyum akajibu, akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

Muhsina akatua kikapu cha chakula, akamtazama. Sleyum alikuwa mdogo wake Bakhit, mume wa Muhsina, na kicheko kile kilikuwa cha Bakhit kwa kipimo na rangi. Tangu walipotoka Unguja hakuwa amekisikia. Kilirudi mwaka huu wa sitini na tisa, pamoja na Ford hii ya mwaka thelathini na nne.

Katika kuchagua saa, Sleyum alikuwa mteuzi kama bibi harusi. Zile mpya za plastiki nyeusi, zilizopatikana Matrah, alizikataa zote. "Humvishi ajuza miwani ya kijana," alisema. Geji ya joto la maji aliitoa kwenye lori kuukuu la jeshi, ya oili kwenye mashine ya boti. Suud naye alizizungusha moja moja ndani ya matundu yao ili mishale yote isimame wima mambo yakiwa salama.

"Dereva hana haja ya kusoma," alimweleza Muhsina. "Anatupa jicho mara moja tu. Mshale ulioinama ndio wenye shida."

Muhsina alifahamu. Ndivyo alivyomtazama Kheiria kila alfajiri: jicho moja, ajue kama mwanawe ameamka na homa.

"Ya mwendo ndiyo hatuipati," Sleyum alisema, kicheko kimemwisha. "Lazima iwe ya Ford, tena ya zamani. Nimetafuta mpaka Qurayyat."

Muhsina akakiinamia kikapu chake. Alijua ilipo.

Ilikuwa ndani ya sanduku lake la mkangazi, imeviringishwa kwa kanga: mita ya duara, uso wake rangi ya pembe. Bakhit alitoka nayo, ikiwa bado ndani ya gari lake, asubuhi moja ya Januari, mwaka wa sitini na nne, siku za Mapinduzi, kwenda Bububu kumchukua mama yake Muhsina. Siku ya tatu gari lilionekana Mtoni, mlango wazi, ufunguo mahali pake. Bakhit hakuonekana, wala hakuonekana tena. Watu wakamhesabu amekufa. Muhsina akakaa eda, nayo ikaisha siku alipojifungua Kheiria. Wenziwe walipopanda meli kuja Maskati wamefunga dhahabu viunoni, yeye alikuwa amemwomba fundi mmoja amfungulie mita ile garini aichukue. Katika kidirisha chake kidogo zilijipanga maili zote alizowahi kuziendesha Bakhit, mpaka ile ya mwisho. Eda ya mwanamke ilikwisha, lakini namba ile ilibaki edani.

Usiku ule alilala nayo ubavuni. Asubuhi aliipeleka gereji.

Sleyum aliipokea kwa mikono miwili, akaitambua, akainamisha uso. Muhsina alikuwa amejiandalia maneno njia nzima: *namba msiiguse.* Lakini kulitamka hilo mbele ya wanaume kulikuwa kama kuwaonyesha kitanda chake. Na nani asiyejua, alijiambia, kwamba kitu cha marehemu hakichezewi?

"Itunzeni tu," akasema.

Ijumaa iliyofuata Suud alimngojea mlangoni pa gereji, amevaa kanzu safi. Dashibodi ilikuwa mahali pake, imepigwa msasa na kung'arishwa, saa zake zote tano kama familia iliyokaa kupigwa picha. Mita ya Bakhit ilikuwa katikati, kioo kipya, uso umefutwa kutu.

Ndani ya kidirisha zilikuwamo sifuri tano.

"Hiyo zawadi yangu kwenu," Suud alisema, sauti imejaa. "Nimekifungua kidude chote, nikazirudisha namba mwanzo. Gari likizaliwa upya halibebeshwi uchovu wa jingine. Marehemu baba yangu ndivyo alivyonifunza, kule Wete."

Muhsina alishika ukingo wa mlango. Uso wa Suud ulikuwa wazi kama wa mtoto aliyeleta ua.

"Umeisafisha vizuri, fundi," akasema. "Mungu akulipe."

Ruhusa ya serikali ya kuliendesha gari ilikwisha toka, baada ya miezi ya kwenda na kurudi. Sleyum akamfungulia mlango. "Wewe wa kwanza, shemeji. Wewe na binti yako." Kheiria akapakatwa, injini ikanguruma, wakashika njia ya Ruwi, upepo ukiwapiga nyuso. Mishale minne ilisimama wima. Wa tano ulipanda taratibu.

"Mama," Kheiria akasema, "sifuri moja inakimbia."

Muhsina akakifunika kioo kwa kiganja.

Sleyum akaona. Akapunguza mwendo, akasimamisha gari kando ya njia, chini ya vilima vyeusi. "Kuna nini?"

"Ile namba mliyoifuta. Ilikuwa ya kakako. Pale ndipo alipofika."

Sleyum akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani kama vitu asivyojua vya nani. "Mbona hukusema?"

"N'lidhani mnajua."

Sleyum akageuka kuitazama njia waliyotoka. "Suud anaweza kuirudisha. Kazi ndogo. Nambie ilikuwa ngapi, tugeuze gari sasa hivi."

"Thelathini na nane elfu," alianza Muhsina, "mia nne na kumi na..."

Akaijaribu iliyobaki ulimini. Kigurudumu cha namba ya mwisho kilikuwa kimekwama nusu, namba moja ikitoka na nyingine ikiingia, kwa sababu Bakhit aliishia njiani, kati ya maili na maili. Saba na nane? Au sita na saba? Miaka mitano aliitazama bila kuisoma, kama mtu asivyosoma uso wa mumewe. Alifumba macho. Akaona weupe tu, rangi ya pembe.

Sleyum alingoja. Kheiria alikuwa akiuvutavuta mkono wa mama yake.

"Endesha," Muhsina akasema. "Polepole. Huenda ikanijia njiani."

Gari likaondoka. Naye Muhsina akauondoa mkono kwenye kioo, kidole kimoja kimoja, ili mtoto apate kuona.