Bolti ya Nyongeza

Nana Birago alikuwa amemwaga bakuli lote juu ya gunia na kulipekua kwa mikono miwili, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Bolti yenye kichwa chekundu haikuwamo.

"Ipo," alimwambia mteja aliyekuwa amechuchumaa mbele yake. "Jumamosi niliishika kwa mkono huu huu. Tano kwa nane ya inchi, ngumu, imepakwa rangi nyekundu kichwani. Ilitoka kwenye lori la Kimarekani."

"Nana, umeshaniambia ipo mpaka nimeanza kuiota," alisema mteja, akainuka na kujikung'uta magoti. "Itafute taratibu. Nitajaribu kwa jirani."

Akaenda zake. Nana akabaki ameduwaa, vidole vyeusi kwa grisi, kelele za nyundo za gereji za Suame Magazini zikimzunguka pande zote. Hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Upande wake wa kulia yalikaa makopo ya bolti za milimita, za malori ya Kijerumani na ya Kijapani. Upande wa kushoto yalikaa ya inchi, za malori ya Kimarekani na yale mazee ya Kiingereza. Asubuhi hata macho yakiwa bado na tongotongo, mikono ilijua njia.

Bakuli lilikaa katikati, miguuni. Humo aliweka mayatima: bolti zilizobaki mojamoja, ambazo hazikuwa na wenzao wa kuuzwa nao. Na humo ndimo alimotoa nyongeza. Kumasi nzima ni hivyo, ukiuza nyanya unaongeza nyanya, ukiuza pilipili unaongeza pilipili, na muuzaji asiyerusha kitu juu ya fungu baada ya kulipwa watu humwita mkono wa birika. Kila fundi wa Magazini alijua kwamba nyongeza ya Nana Birago ni ya kushikia madigadi, au kiti, au kibao cha namba. Kitu ambacho hata kikidondoka barabarani, lori litafika.

Alianza kurudisha mayatima bakulini. Ndipo Jumamosi ikamrudia yote, kwa sauti na kwa picha.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Alikuwa na msiba upande wa marehemu mumewe, na kitambaa chekundu cha waombolezaji, cha kufunga kichwani, kilikuwa tayari mapajani. Fundi Agyenim alikuja mbio kutaka bolti nne za milimita, za kufunga sanduku la steringi kwenye lori la Oppong. Oppong ni mjukuu wake Nana, mtoto wa binti yake mkubwa. Alitaka kuondoka alfajiri ya Jumapili kwenda Ejura kuchukua viazi vikuu.

"Nyongeza yangu iko wapi?" Agyenim alikuwa amesema. "Au leo ni siku ya kubaniana?"

"Tegua kitendawili kwanza. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mapacha wangu. Kofia moja inawatosha wote wawili, lakini wakibadilishana mashati, shati linachanika."

Agyenim alicheka sana. "Bolti ya inchi na bolti ya milimita! Spana moja inashika vichwa vyote, lakini tundu la huyu si la yule. Nana, hicho ulinitegea tangu nikiwa mwanafunzi wa mumeo."

"Haya, umetegua." Akatumbukiza mkono bakulini bila kutazama, huku akifunga kitambaa kwa mkono wa pili, akarusha bolti juu ya zile nne.

Kichwa kilikuwa chekundu. Sasa alikiona waziwazi, kimelala juu ya wenzake kama jogoo juu ya paa.

Si kitu, alijiambia. Ni nyongeza. Ameifunga kwenye madigadi. Lakini miguu ilikuwa imeshasimama, ikimpeleka gereji ya Agyenim.

Agyenim alikuwa amekaa juu ya injini akila kenkey, donge la mahindi lililofungwa kwa jani, kwa samaki. "Nana! Karibu tule."

"Ile nyongeza ya Jumamosi uliifanyia nini?"

"Habari ya asubuhi nayo?"

"Agyenim, nakuuliza."

"Niliitumia. Iliniokoa, hata nilitaka kukushukuru. Katika zile nne ulizoniuzia, moja uzi wake ulikuwa umelika. Nikarudi kwako, umeshafunga, umekwenda msibani. Oppong amesimama kichwani kwangu kama askari, fundi maliza, fundi maliza. Nikachukua nyongeza."

"Ukafunga kwenye steringi."

"Kwenye steringi."

"Iliingiaje?"

Agyenim aliacha kutafuna. "Kwa vidole ilizunguka kidogo, ikagoma. Nikaweka spana, nikaongeza na bomba mpinini. Ikakaza vizuri kabisa, Nana. Ilikaza kuliko zile tatu."

Nana alishika ukingo wa injini. Ilikaza kuliko zile tatu. Alikuwa ameyasikia maneno hayo zamani, mumewe akiyasema kwa hasira juu ya lori la mtu mwingine. Bolti ya namna hiyo haikazi kwa kushika. Inakaza kwa kuumana, nyuzi zinatafunana ndani, na fundi anadhani kazi imekwisha. Lori likitikisika njia nzima, kilichobaki tunduni ni unga wa chuma.

"Ilikuwa ya inchi," alisema.

"Haiwezekani."

"Ina kichwa chekundu. Nimeitafuta asubuhi nzima. Ilikuwa ya inchi."

Agyenim aliifunika kenkey kwa jani lake. "Sasa ulinipa ya nini?"

"Nilikupa nyongeza! Tangu lini nyongeza inafungwa kwenye steringi?"

"Na tangu lini unaniuzia bolti iliyolika?"

Walitazamana.

"Zimebaki tatu nzima," Agyenim alisema, sauti imeshuka. "Sanduku la steringi halining'inii kwenye bolti moja."

"Leo anarudi na mzigo. Atashuka mteremko wa Mampong. Ungekuwa umekaa wewe pale mbele, ungeniambia hivyo?"

Agyenim alipiga simu ya Oppong. Haipatikani. Akapiga tena, akiwa tayari ameshika funguo za pikapu ya mteja iliyokuwa imekwisha tengenezwa. Nana alirudi bandani kuchukua bolti nne mpya za milimita. Safari hii alizitazama mojamoja, akazifungia nati hadi mwisho na kuzifungua, akazikunja kwenye ncha ya kitambaa chake.

Wakashika njia ya Mampong. Kila lori lililokuja mbele yao Nana alilisoma ubao wa juu ya kioo. La Oppong liliandikwa SUBIRI UONE, maneno aliyoyachagua mwenyewe akayacheka mwenyewe. Leo hayakumchekesha bibi yake.

"Nana, usinung'unike hivyo, nashindwa kuendesha," Agyenim alisema.

"Sinung'uniki. Naomba."

Walipofika chini ya mteremko, Nana alitazama korongoni kwanza, kabla ya barabara. Aliona miti, aliona mbuzi, aliona tairi kuukuu la siku nyingi. Pikapu ikapanda ikilia. Katika kila kona alikaza miguu sakafuni kana kwamba ana breki zake.

Juu kabisa, pale wanapouza machungwa, waliliona. Lilikuwa linakuja polepole, limesheheni viazi vikuu hadi juu, na juu ya viazi wamekaa wanawake wenye mzigo, vitambaa vyao vikipepea. Agyenim hakuwa hata amesimamisha gari sawasawa Nana alipofungua mlango. Alisimama katikati ya barabara, akatandaza mikono.

Honi ikalia. Wanawake wakapiga yowe. Lori likayumba kidogo upande wa kushoto, likarudi, likasimama.

"Nana!" Oppong aliruka chini. "Umerukwa na akili? Kuna nani aliyekufa?"

"Bado," alisema Nana. "Steringi yako ikoje?"

Oppong aliwatazama wote wawili. "Inacheza kidogo. Tangu Ejura. Nimesema nikifika nitamwambia Agyenim. Mbona mmekuja wote?"

Agyenim alikuwa ameshaingia chini na spana. Walisubiri. Mwanamke mmoja aliita kutoka juu ya viazi, "Dereva, bibi yako kama anataka kiazi si aseme tu, tumpe tushuke!" Wenzake wakacheka. Nana alikuwa ameinama, akitazama miguu ya Agyenim chini ya lori.

Agyenim alitoka na kiganja kilichofumbwa. Alikifumbua mbele ya Nana. Bolti yenye kichwa chekundu, na nyuzi zake zimejaa vumbi la chuma linalong'aa.

"Sikutumia spana," alisema. "Nimeichomoa kwa vidole. Na ya jirani yake imelegea."

Oppong aliitazama bolti, akatazama barabara ilipopinda kuanza kushuka, hatua chache mbele ya lori lake. Akakaa juu ya jiwe.

Nana alifungua ncha ya kitambaa, akatoa bolti mpya. "Weka hii. Hii nimeijaribu mwenyewe."

Agyenim alirudi chini. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa. "Haishiki. Tundu limeliwa. Hata pacha wa kweli sasa halimtoshi."

Basi lori halikushuka. Waliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na wanawake wakateremka mmoja mmoja kwa kunung'unika, vicheko vimekwisha. Soko la jioni lilikuwa limewapita. Mmoja wao alimwambia Oppong maneno ambayo Nana alijifanya hayasikii. Oppong naye alimsikiliza Agyenim akieleza, spana, bomba, haraka, msiba, na nyongeza.

"Kwa hiyo ni nyongeza," alisema Oppong. Alikuwa anamtazama bibi yake. "Nana, mimi mwenyewe nilimwambia aombe nyongeza. Nilimwambia, usitoke kwa bibi mikono mitupu."

Alidhani anampoza. Nana alishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono yake ya grisi, akakibana tumboni kama alivyokuwa akikibana zamani.

Kesho yake alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu mayatima wote, pamoja na bakuli lenyewe. Mahali pake aliweka sufuria ya karanga za kukaanga. Fundi wa kwanza kununua aliponyoosha mkono, Nana alimmiminia kiganja cha karanga.

"Nana, hizi zitashika madigadi?"

"Zitashika tumbo lako. Kitendawili!"

"Tega."

Alifungua kinywa. Barabarani lilikuwa linapita lori zee limejaa mbao, na Nana akaligeukia. Hakulijua la nani. Lakini miaka yote hiyo alikuwa amerusha nyongeza bila kutazama, kwa mafundi wa kila pembe, na si kila fundi ana bibi wa kumkimbilia barabarani. Alilifuata kwa macho, akitazama magurudumu ya mbele yanavyokaa, hadi likakata kona.

"Nana, nimesema tega."

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja lile lipite."