Pigo la Tatu la Babu Gunnulv

Åshild alimvalisha babu yake vipokea sauti kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu. Ilikuwa saa nane mchana, na saa kumi albamu ya bendi yake ilitakiwa iwe imefika kiwandani ikageuzwe santuri. Nyimbo tisa za magitaa yanayonguruma, mazimwi na theluji. Ya tisa ilikuwa dansi ya Babu Gunnulv mwenyewe, ile ambayo ukoo wao husema ilifundishwa na zimwi la maporomoko, likalipwa paja la kondoo lililokaushwa kwa moshi.

Kwao, mkoani Telemark, dansi haitolewi bila jina la aliyekufundisha. Na jina linaombwa kwa mwenyewe. Åshild, simba wa jukwaani, alikuwa ameahirisha kuliomba kwa miezi sita.

Mguu wa mzee, ndani ya soksi ya sufu, ukaanza kupiga sakafu ya jikoni. Ukasita. Ukapotea. Ukaacha.

"Mjukuu wangu, huyu mpiga ngoma ni mgonjwa?"

Sindre, mpiga ngoma mwenyewe, mwenye ndevu za kutosha kuku kutagia, akaacha kutafuna mkate na jibini. "Mzima kabisa, mzee. Chanjo zote nimechoma."

"Basi mbona unapiga kama askari wa gwaride? Moja, mbili, tatu, zote sawa! Pigo letu la kwanza ni refu, la pili la wastani, la tatu fupi, kama mtu anayeruka kijito. Huku kwako mchezaji ataanguka majini!"

Åshild alijua tangu siku ile studioni, walipoiachia kompyuta iwahesabie mapigo ili magitaa yasipishane. Wenzake walifurahi, naye akaifuata kompyuta.

Babu akavua vipokea sauti. "Jina langu usiandike. Andika la hiyo mashine, ndiyo iliyokufundisha."

"Nyimbo nane nazo ni albamu," Sindre akanong'ona.

Åshild akatazama saa. Nane na nusu. "Babu, tukiipiga upya? Hapa hapa, sasa hivi?"

"Na huyu askari?"

Sindre alishaanza kuvua buti. Mzee akaweka mguu wake juu ya mguu wa kijana. "Acha kuhesabu. Nifuate."

Mara ya kwanza, hovyo. Mara ya tano, hovyo kidogo. Saa tisa na nusu wakasimamisha kipaza sauti kimoja cha kurekodia katikati ya vikombe vya kahawa: fidla, na visigino vya Sindre sakafuni, basi. Åshild akaweka upinde kwenye nyuzi za fidla. Wakikosea, muda wa kurudia haupo. Kila pigo la tatu lilipokaribia alibana pumzi, na kila mara visigino viliruka kijito vikatua salama. Hakuthubutu kuinua macho hadi mwisho.

"Na jina, Babu?"

Mzee alikuwa akiitazama sahani tupu ya mkate.

"Zimwi lilipewa paja zima la kondoo," akasema. "Mimi hata mkate wangu huyu kaumaliza." Akavuta pumzi. "Haya, liandike. Upesi, kabla sijapata njaa zaidi."

Åshild akaliandika, akalifuta, akaliandika tena, akaituma albamu. Saa kumi kasoro dakika mbili.