Kiti cha Baba Mkwe

Sitajitetea. Mimi Hedwiga ndiye niliyempigia simu mwanangu Norbert, aliyekuwa ziwani Lundo kwa uvuvi, nikamwambia, "Panda huku Litembo. Mkeo ana ugonjwa wa zinaa."

Nilikuwa na uhakika. Siku tatu mfululizo mkwe wangu Vitalia alikuwa akitoka chooni alfajiri uso umekunjamana, na kabla hajakaa anarudi tena. Nilipombana akasema mkojo unamchoma na chini ya kitovu panauma. Mumewe yuko ziwani mwezi mzima, sasa yeye anachomwa na nini? Norbert alijibu kwa kifupi: "Mpeleke hospitali. Wakisema ni zinaa, arudi kwao Kingerikiti."

Tulikwenda hospitali kwa miguu. Walimchukua mkojo, damu na vipimo vingine, tukakaa kwenye benchi kusubiri. Vitalia alikuwa akiizungusha pete kidoleni. Mimi nikaitazama, nikiwaza kwamba itabidi airudishe. Naona aibu nikikumbuka.

Daktari Luisa alimwita peke yake. Vitalia akasimama, akasema, "Mama naye aingie. Asikie mwenyewe."

"Ni maambukizi ya kibofu," daktari akasema. "Vipimo vya magonjwa ya zinaa havijaonyesha kitu."

"Mkojo kuchoma si zinaa?" nikauliza kwa ukali.

"Inaweza kuwa, mama. Dalili zinafanana, ndiyo maana tunapima, hatubahatishi." Akamgeukia Vitalia. "Unakunywa maji? Unabana mkojo?"

"Maji nakunywa kidogo, nisije nikahitaji choo. Mkojo nabana tangu asubuhi mpaka jioni."

"Kwa nini?"

Vitalia akainama. Hakunitaja. Jibu nilikuwa nalo mimi. Mume wangu Bernadi, tangu mguu umshinde, anashinda uani kwenye kiti chake akilinda kahawa tuliyoanika, hatua chache kutoka mlango wa choo. Na Vitalia alipoolewa nilimwambia kwamba katika mji huu mkwe akienda chooni haruhusiwi kuonekana na baba mkwe wake. Msimu wote wa kahawa ametii.

"Nilimkataza mimi," nikamwambia daktari.

Tulipotoka na dawa nikampigia Norbert, Vitalia akiwa ananisikia. "Ni kibofu. Mkeo hana kosa, kosa ni langu." Norbert akasema, "Mpe simu." Nikampa, nikasogea kando.

Nyumbani nilimwinua Bernadi, nikakibeba kiti mpaka upande wa mbele wa nyumba. Akanifuata kwa fimbo yake, akiuliza kulikoni.

"Mkwe wako anataka kwenda chooni," nikamjibu.

Akasimama, akanitazama. "Kwani siku zote hizi alikuwa haendi?"