Kunyonya kwa Saa

Wifi yangu Puring alikuwa mwalimu, na mwalimu akiambiwa jambo na mtu aliyesoma kumzidi, hulishika. Ndiyo maana alipojifungua binti yake wa kwanza, Amparo, mwaka wa 1936, alitundika saa ya ukutani juu ya kitanda na kuyafuata maneno ya Dokta Villasor kama katekisimu.

Dokta Villasor alikuwa kijana wetu wa San Ildefonso, aliyerudi kutoka Manila na viatu vyeupe na kitabu cha Kimarekani. Kila Jumamosi aliwafundisha akina mama kwenye kituo cha afya. Mtoto anyonye kila baada ya saa nne, si kabla. Usiku asipewe kitu. Akilia asibebwe, kwani kilio hupanua mapafu, na mtoto wa kubebwabebwa hukua mlegevu. Mama anayenyonyesha ovyo, alisema, anamfundisha mwanawe ulafi.

Nyumba yetu ikawa kama ina matanga. Amparo analia mpaka sauti inamkauka, na Puring amekaa kwenye ngazi ya mianzi, kaziba masikio, maziwa yanamlowesha blauzi, naye analia vilevile. Mama yangu, Nanay Sepa, alikuwa akimpikia supu ya kuku na majani ya mlonge ili maziwa yajae, kisha anayaona yakiishia kwenye kitambaa.

"Mwanangu, huyo ana njaa," mama alisema.

"Bado saa nzima, Nanay."

"Tumbo lake linajua kusoma saa?"

"Dokta kasoma, Nanay. Mimi na wewe tumesoma nini?"

Mama akatoka kwenda kuwafokea kuku.

Kilichomuumiza Puring zaidi ni watoto wa wenzake. Walikuwa wamenona, mashavu kama maandazi, na Amparo alikuwa na shingo nyembamba kama kifaranga. Mtoto wa jirani yetu Consing ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Dokta alimnyanyua mbele ya darasa na kusema, "Tazameni matunda ya nidhamu." Puring akarudi nyumbani akiamini kuwa kasoro iko kwake.

Siku moja tulikuwa tunafua mtoni, Puring akamuuliza Consing. "Manang Consing, wewe unafanyaje?"

Consing alikuwa mkubwa kwetu, ndiyo maana tukamwita Manang, yaani dada, mwenye mikono ya kukamulia shuka la watu wawili peke yake. Aliinama, akasugua shati lililokwisha kutakata. "Nafuata saa, Puring. Saa tu."

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu, siku ya kumchagua mtoto mwenye afya bora. Tulikaa kituoni tangu asubuhi, watoto wamevalishwa kofia za lesi, joto limetanda. Dokta hafiki. Gari lake lilikuwa limekwama nyuma ya mikokoteni ya miwa. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akadakia, mara chumba kizima kikawa kilio.

Mtoto wa Consing hakulia. Aligeuza kichwa, akavuta blauzi ya mama yake kwa mkono uliozoea, akaanza kunyonya. Consing hata hakutambua, alikuwa anapiga soga na mwenzake.

Puring akamtazama. "Manang, saa bado."

Consing akashtuka, akamwangalia mwanawe, kisha akaangalia dari. "Saa ipi, Puring?"

Mke wa fundi viatu akacheka. "Kumbe na wewe? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa najificha chooni mume asinione."

"Mimi wangu analala na ziwa mdomoni mpaka kunakucha," alisema mwingine.

Wakacheka mpaka wakafuta machozi, vifungo vinafunguliwa huku na huku. Puring hakucheka. Alimvua Amparo kofia, akampa ziwa, na mtoto akalishika kwa pupa hata akapaliwa.

Hivyo ndivyo Dokta alivyotukuta. Alisimama mlangoni, viatu vina matope. "Nyote?" aliuliza.

"Sote, Dokta," Consing alijibu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana, Dokta. Tukaona tusikuharibie."

Puring akainuka, mtoto kifuani. "Mimi nilikufuata. Neno kwa neno. Mtazame mwanangu."

Dokta alimtazama. Akaushika mkono wa Amparo, akaupima kwa vidole vyake. "Kitabu kinasema..." akaanza, asimalize. Akavuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyokuwa kijana. "Mnyonyeshe," alisema.

"Saa ngapi?" aliuliza Puring, mwalimu mpaka mwisho.

"Akitaka."

Zawadi alipewa mtoto wa Consing. Safari hii hapakuwa na hotuba ya nidhamu. Darasa la Jumamosi liliendelea, maana mafunzo yalipangwa Manila, ila akifika ukurasa ule Dokta alikohoa na kuhamia kwenye kuchemsha maji ya kunywa. Akina mama walimpenda zaidi tangu hapo, wakawa wanamwambia mambo ya kweli, mengine hata hakutaka kuyasikia.

Kufikia Krismasi Amparo alikuwa na mikunjo mapajani, na kaka yangu Teban, baba yake, analalamika kuwa mkono unakufa ganzi kwa kumbeba. Hakuna aliyemhurumia.